Ada ya Chuo Itatoka Wapi?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo hufurahi siku mbili. Siku ya tatu linaingia swali: hela ya chuo itatoka wapi? Baba anaangalia shamba la mihogo. Mama anahesabu madebe ya maharage. Mjomba aliyeko Kigoma mjini, aliyeahidi tangu uko darasa la saba, simu yake sasa haipatikani.

Utatuuliza, gazeti la afya linaingiliaje mambo ya ada? Linaingia kwa sababu ukikaa na wauguzi wakakusimulia habari za mimba zisizotarajiwa na za gono, hutashangaa ukisikia kwamba nyingine zilianzia hapo hapo kwenye ada. Msichana alikuwa na shida, na mtu mzima alikuwa na noti mfukoni. Wavulana nanyi msicheke. Mnajua wenyewe wangapi wamekimbilia kazi za hatari au wamejizamisha kwenye gongo baada ya kuona mlango wa chuo umefungwa.

Kumbe mara nyingi mlango haukufungwa. Ulikuwa na masharti ambayo hakuna aliyewasomea. Hebu tuyasome pamoja.

Serikali inalipia mpaka wapi?

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vikaingia. Ukishavuka hapo, ada inarudi, na inarudi kwa kishindo. Vyuo vingi vya afya vya binafsi na vya madhehebu hutoza zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka, bado hujala wala hujalala.

Hapo ndipo inapokuja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hii iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Kutoa mikopo kwenyewe ni kwa zamani kidogo, kulianza 1994 katika ule mpango wa kuchangia gharama. Kwa miaka mingi mkopo ulikuwa wa watu wa digrii, wa stashahada walibaki watazamaji. Mambo yalibadilika mwaka wa masomo 2023/24. Serikali ilitenga shilingi bilioni 48 kwa wanafunzi 8,000 wa stashahada.

Lakini ngoja kwanza kushangilia. Mkopo wa stashahada hautolewi kwa kila kozi. Mwongozo wa 2023/24 ulitaja maeneo ya kipaumbele: afya, ualimu, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini, kilimo na mifugo. Na ndani ya kila eneo zikatajwa kozi zenyewe moja moja. Upande wa ualimu walitakiwa wa fizikia, kemia na hisabati. Upande wa afya zilikuwamo kozi kama fiziotherapia, utengenezaji wa viungo bandia, tiba ya meno, na utunzaji wa kumbukumbu za afya. Kwa hiyo kusema "mimi nasomea mambo ya hospitali" hakutoshi. Jina la kozi yako lazima liwe kwenye orodha ya mwaka wako, na orodha inaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Usichukue ya kaka yako.

Hili tunalikazia kwa sababu Kasulu na Kibondo zina vyuo. Kasulu kuna chuo cha ualimu, na Kabanga kuna cha ualimu na cha uuguzi. Kibondo nako kuna chuo cha uuguzi. Kijana akikubaliwa chuo cha jirani anadhani mkopo utamfuata hapo hapo. Kabla hujalipa fomu ya chuo chochote, uliza maswali mawili: kozi hii imo kwenye orodha ya Bodi mwaka huu? Na ninaingia ngazi gani, astashahada au stashahada? Bodi inazungumzia stashahada na digrii. Astashahada peke yake haikuwahi kuwa kwenye hesabu hiyo.

Nani anafaa kuomba?

Masharti ya msingi yanaeleweka. Uwe Mtanzania. Uwe hujazidi umri wa miaka 35 siku unapoomba. Uwe umedahiliwa chuo kinachotambuliwa, kwa masomo ya kutwa nzima, siyo ya jioni. Uwe huna ajira wala biashara inayokupa kipato. Kwa wa digrii, uwe umemaliza kidato cha sita, au elimu inayolingana nacho, ndani ya miaka mitano. Ukikaa nyumbani miaka saba ukilima tumbaku halafu ukakumbuka chuo, hapo utakwama.

Baada ya hapo ndipo inapimwa haja. Fedha hazitoshi wote, hivyo Bodi inaangalia nani ana shida zaidi. Aliyefiwa na wazazi wote au mmoja anapewa uzito. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, vilevile. Na anayetoka kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, na aliyesomeshwa sekondari na mfadhili kwa sababu ya umaskini.

Sasa sikiliza. Bodi haiji kijijini kwenu kuona nyumba imeezekwa kwa nyasi. Bodi inaona karatasi. Unaweza kuwa yatima kabisa, kijiji kizima kinajua, lakini kama huna hati ya kifo, kwa Bodi wazazi wako wako hai wanakunywa chai. Ndiyo maana tunasema kinachowaangusha wengi wa huku kwetu siyo alama za mtihani. Ni karatasi.

Karatasi, karatasi, karatasi

Tuanze na cheti cha kuzaliwa. Ukiwa kidato cha tatu, hebu uliza nyumbani kama unacho. Siyo kadi ya kliniki na siyo cheti cha ubatizo. Tunasema kile cha RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa wilaya, msajili yuko katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mtu mzima anayesajiliwa kwa kuchelewa anatakiwa kupeleka ushahidi: kadi ya kliniki kama haijaliwa na mchwa, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, barua ya mtendaji wa kijiji. Kukusanya vitu hivyo ukitokea kijiji cha ndani, nauli ya kwenda na kurudi, mara "afisa ametoka njoo Jumatatu", mwezi unakatika. Ukianza wakati dirisha la mkopo limeshafunguliwa, umechelewa.

Tena cheti peke yake hakitoshi. Ni lazima RITA wakihakiki kwenye mtandao wao, ndipo upewe namba ya uhakiki ya kuingiza kwenye maombi ya mkopo. Hati ya kifo nayo hivyo hivyo. Uhakiki una malipo yake madogo na unachukua siku kadhaa.

Halafu kuna ugonjwa wa majina. Kadi ya kliniki imeandikwa Nyamwiza. Padri akaongeza Maria. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Mariamu, maana ndivyo alivyosikia. Jina la baba kwenye cheti kimoja lina "Nt" mwanzoni na kwenye kingine lina "T" tu. Majina ya Kiha yanapata taabu sana mikononi mwa makarani wasiojua Kiha! Kwa kompyuta ya Bodi hao ni watu watatu tofauti. Rahisi ni kurekebisha kabla hujasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu jina lile la mtihani ndilo litakalokufuata maisha yote. Ukishachelewa inabaki kwenda kwa wakili au mahakamani kula kiapo, na hiyo ni hela nyingine. Na ujue maombi ya mkopo yanafunguliwa kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Kama ulirudia mtihani, tumia namba ile ile uliyoombea chuo.

Kwa mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, kuna fomu maalumu inayothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Hapa tuna neno. Wapo vijana wanaoficha kwamba baba haoni, au mama alikatwa mguu, wakiona ni aibu kuandika. Wengine wanasema "sitaki kuonewa huruma". Rafiki, fomu ile haiombi huruma. Ni haki iliyoandikwa, na usipoitumia nafasi anachukua mwingine. Mpigie hesabu mapema, kwa sababu mganga mkuu hakai ofisini kila siku, na mzazi mwenye ulemavu kufikishwa wilayani ni safari ya kupanga.

Kama nyumbani mnapokea fedha za TASAF, omba namba ya kaya yenu na uinakili vizuri. Kama ulisomeshwa na shirika au kanisa, omba barua yao ukiwa bado unasoma. Mashirika huondoka. Ofisi iliyokuwa hapa mwaka jana, mwaka huu unakuta ni duka la mbolea.

Mwisho ni mdhamini. Huyu ni mtu anayetia sahihi kwamba anakufahamu na anaukubali mkopo wako, na anatakiwa awe na kitambulisho. Serikali ya kijiji inagonga muhuri, na kamishna wa viapo anashuhudia. Huyo anaweza kuwa wakili au hakimu. Huko vijijini mawakili ni wachache, kwa hiyo hakimu wa mahakama ya mwanzo ndiye mtu wako.

Sisi wa mpakani

Kuna jambo la kwetu peke yetu. Kasulu na Kibondo zinapakana na Burundi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, majina yanafanana, na wapo wenye shangazi upande wa pili. Kwa hiyo mtu wa huku akienda kuomba kitambulisho cha taifa anaulizwa maswali ambayo mtu wa Dodoma haulizwi: babu alizaliwa wapi, alizikwa wapi, nani anamfahamu. Linaudhi, lakini jiandae nalo. Nenda na mzazi, nenda na vyeti vya wazazi kama vipo, na barua ya kijiji.

Walioomba uraia kwa tajnisi wakapewa, kama wale wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000 waliokubaliwa, hao ni Watanzania. Masharti ya Bodi yanawahusu kama wengine, ila vyeti vyao vya uraia vitunzwe kama mboni ya jicho.

Ambaye bado ni mkimbizi hana nafasi kwenye Bodi, hata kama amezaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, na hajawahi kuiona nchi nyingine. Hatuoni raha kuliandika hili, lakini kumdanganya mtu ni kumpotezea muda. Kwa wakimbizi uko ufadhili uitwao DAFI, ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani chini ya UNHCR. Unasomesha digrii katika nchi nyingi zinazopokea wakimbizi. Anayetaka kujua aulize ofisi ya UNHCR, asiulize kwa dalali.

Je, kama mkopo haukuhusu?

Wapo watakaosoma mpaka hapa na kuona hawamo. Kidato cha nne hakikwenda vizuri, au ulikatishwa shule kwa mimba. Usitupe gazeti.

Kasulu na Kibondo zina Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na havikuwahi kuwa vya watu wenye alama za juu. Unajifunza ushonaji, useremala, umeme wa majumbani, kilimo, na ada yake hailingani kabisa na ya vyuo vya binafsi. Vyuo vingi vya aina hii nchini vimepokea wasichana waliozaa, wakasoma sekondari na ufundi huku mtoto akiwa na mahali pa kukaa. Uliza chuo cha kwenu kama mpango huo upo mwaka huu. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Mwalimu mkuu akikwambia haiwezekani, muulize Afisa Elimu.

VETA nayo ni ya serikali, na kwa miaka mingi ada yake ya kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Vifaa ni juu yako. Linganisha na ile milioni.

Kwa waliofanya vizuri mno masomo ya sayansi kidato cha sita, tangu 2022/23 kuna ufadhili wa serikali uitwao Samia. Huo ni ufadhili, siyo mkopo. Haurudishwi.

Mkopo wenyewe hurudishwa, wala tusifichane. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Zamani kulikuwa na nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani, iliyofanya deni livimbe kama unga wa maandazi. Iliondolewa 2021. Kwa hiyo usikubali kutishwa na mtu anayesema deni la Bodi haliishi.

Bwana mwenye hela

Turudi kwa yule mwenye noti. Wengine mnamwita buzi, mnasema mnamchuna. Angalia vizuri nani anachunwa. Maombi ya mkopo yamekuwa na ada ya shilingi 30,000, unailipa kwa simu kwa namba ya malipo unayopewa na mtandao wa Bodi. Ongeza uhakiki wa vyeti, nauli na picha. Ni hela, ndiyo, lakini ni hela ya kuku kadhaa na debe la maharage. Msichana anayempa mtu mwili wake kwa sababu ya kiasi hicho amefanya biashara mbaya kuliko zote sokoni. Hata ukimwi tuuache pembeni.

Lakini hatuuachi. Mtu mwenye hela za kuhonga wanafunzi hajaanza na wewe. Kama limeshatokea bila kinga, au kwa kulazimishwa, nenda hospitali ndani ya saa 72. Zipo dawa za kuzuia VVU zisiingie mwilini, na mapema ni bora zaidi. Ziko pia za kuzuia mimba. Kwenu Kibondo nenda hospitali ya wilaya, Kasulu nenda hospitali iliyo karibu, na usioge wala kufua nguo kwanza kama ulibakwa.

Sheria nayo iko upande wako. Chini ya miaka 18, kukubali kwako hakumwokoi mwanamume, ni ubakaji. Anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa mabadiliko ya sheria ya elimu ya 2016. Na kama ni ofisa anayesema "sahihi nitakupa, ila tuonane jioni", hiyo ni rushwa ya ngono, imetajwa katika sheria ya rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapigiwa 113 bure. Mtoto anayehitaji mtu wa kuzungumza naye apige 116, nayo bure.

Kuna na kishoka wa stendi. Anasema anamjua mtu Bodi, umpe elfu hamsini na nywila yako. Bodi haina mtu wa stendi. Anayekujazia fomu kwenye kibanda cha intaneti mlipe kazi ya kuchapa, nywila na namba ya simu viwe vyako. Wako waliokuta akaunti ya benki iliyoandikwa ni ya mtu mwingine, na bumu limeshaliwa.

Jambo la mwisho, kwa wa kidato cha sita. Miaka ya karibuni dirisha la mkopo wa digrii limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti au Septemba. Miezi hiyo hiyo wengi wenu mnaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, mwingine Mtabila hapa hapa Kasulu, mwingine mbali kabisa. Huwezi kumtafuta mtendaji wa kijiji ukiwa kwenye gwaride. Kwa hiyo cheti kiwe kimehakikiwa, fomu ya mganga iwe imesainiwa na mdhamini awe ameshakubali kabla hujapanda gari. Bahasha moja uende nayo, nakala ziachwe nyumbani kwa mtu anayejua kusoma na anayepokea simu.